Mpindo wa Milimita Nne

Mzee Wembe hakuwa mtu wa kushtuka ovyo. Saa moja jioni alikuwa sebuleni kwake, miguu juu ya kigoda, kikombe cha chai mkononi, akisikiliza taarifa ya habari kwa sikio moja, kama wafanyavyo watu wazima waliokwisha kujua kwamba habari za leo ni dada wa tumbo moja na habari za jana. Mtangazaji akasema kuwa katika bunge la nchi moja ya mbali, mbunge mmoja amesimama kuwazungumzia watu wa mkoa wa juu wa hapa nchini wanaotaka kujitenga. Mkewe akaongeza sauti. Yeye alizaliwa huko juu na ndugu zake wote wako huko, kwa hiyo mkoa wa juu ukitajwa, nyumba ile hunyamaza.

Kwenye televisheni akatokea mama wa makamo, nywele fupi, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Mkononi alishika karatasi kubwa iliyokunjwa. Alisema, huku sauti ya mkalimani ikimkimbilia kwa nyuma, kwamba mpaka kati ya mkoa wa juu na nchi ya chini haukubuniwa juzi na wanasiasa wenye hasira. Upo tangu enzi za mababu, na ushahidi ni huu. Akaiinua ile karatasi. Kamera ikasogea. Akaweka kidole penye mstari mweusi.

"Tazameni hapa," alisema. "Mpaka wenyewe unapinda, ukakizunguka kijiji kimoja na kukiweka kwa ndugu zake. Hakuna aliyechora hivi kwa bahati. Huu ni mkono wa historia."

Mzee Wembe akaweka kikombe chini, kikaikosa meza, chai ikamwagika kwenye zulia. Hakuiona. Alikuwa ameinuka, amesogea hadi pua yake inakaribia kioo.

"Mama Nukta," alimwambia mkewe polepole, "huo si mkono wa historia. Huo ni mkono wangu."

Jina la Wembe alipewa kazini. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa mchora ramani wa Idara ya Maji, katika chumba cha ghorofa ya pili chenye madirisha makubwa upande usiopigwa na jua. Enzi hizo ramani haikutoka kwenye kompyuta. Ilitoka begani, kwenye kiwiko na kwenye pumzi. Mchoraji alitandika karatasi angavu juu ya meza iliyoinama, akaibana pembe zote nne, akachovya kalamu katika wino mweusi, kisha akavuta mstari huku amezuia pumzi kama mtu anayepita karibu na mtoto aliyelala. Ukikosea, hapakuwa na kufuta. Ulichukua wembe ukaukwangua wino punje kwa punje bila kuitoboa karatasi, ukalainisha pale kwa ukucha, ndipo ukachora upya. Hapo ndipo alipowapita wenzake wote. Walisema angeweza kukwangua kivuli ukutani. Jina likamfuata hadi mtaani, ambako majirani wageni, kabla hawajamzoea, walikuwa wakivuka barabara wakimwona, wakidhani amelipata kwa njia nyingine.

Kitu kimoja hawakukijua, wala wenzake wa kazini hawakukiwaza: hakuwahi kufika alikokuchora. Wapima ardhi ndio walioenda na darubini zao za miguu mitatu, wakarudi na madaftari yenye matope, naye akazigeuza tarakimu zile kuwa vilima na mito. Alijua kila kijito cha mkoa wa juu, urefu wake na mahali kinapopindia, lakini hakuwahi kulowesha kidole hata katika kimoja. Kila mwaka alipanga kwenda, hata ukweni tu, na kila mwaka likatokea jambo. Wanasema aisifuye mvua imemnyea. Yeye alizisifu mvua za huko maisha yake yote, mwavuli wake ukining'inia mkavu nyuma ya mlango.

Ile karatasi ya bungeni aliichora akiwa kijana wa miaka ishirini na saba. Idara ilitaka ramani ya kuwaonyesha wahandisi mahali maji yanapoachana: mgongo ule wa vilima ambao mvua ikianguka upande huu huteremkia mto mkubwa wa nchi ya chini, na ikianguka upande ule hukimbilia ziwani. Kitabu cha alama hakikuwa na alama ya jambo hilo. Mkuu wa chumba akamwambia achague anayoipenda, mradi aieleze katika ufunguo wa ramani. Akachagua kistari, nukta, kistari, kwa kuwa ilipendeza na wino haukurundikana. Kwamba alama hiyohiyo katika nchi nyingi huonyesha mpaka, labda alijua, labda hakujua. Chini kabisa, pembeni, aliandika kwa herufi safi: mgawanyo wa maji. Na pembe hiyo ndiyo yule mama mbunge alikuwa ameikunja.

Ule mpindo sasa. Kazi ilikuwa imekwenda miezi miwili, imebaki siku tatu. Alfajiri ya siku hiyo mkewe alishikwa na uchungu wa mimba ya kwanza. Wembe akamfikisha hospitali, akasimama ukumbini kama nguzo, hata mkunga akamwambia aende kazini, maana mwanamume aliyesimama ukumbini hajawahi kuharakisha kitu. Akaenda. Akakaa mezani, akachovya kalamu, akazuia pumzi. Saa nne asubuhi tarishi wa ofisi akapanda ngazi mbili mbili, akasukuma mlango na kusema, "Wembe, mtoto wa kike, na mama yake mzima." Kalamu ikaruka. Tone la wino likaanguka juu ya mstari, zito, jeusi, likatanuka. Wembe aliliona vizuri sana, na akaondoka akaliacha hivyo hivyo.

Kesho yake wino ulikuwa umekwisha kunywewa na karatasi. Alikwangua mpaka akaogopa kutoboa. Kovu likabaki, na juu ya kovu wino mpya ungesambaa kama mizizi. Kuanza upya kulimaanisha miezi miwili mingine. Basi akaupitisha mstari pembeni, kwa uzuri, ukalizunguka kovu na kurudi njiani. Mpindo wa milimita nne. Katika ramani ile sentimita moja ilikuwa kilomita moja, kwa hiyo milimita nne zilikuwa mita mia nne za ardhi. Akajisemea kwamba maji hayatajua. Mtoto akamwita Nukta, na watu walidhani ni kwa sababu alizaliwa mdogo.

Haya yote alimsimulia mkewe jioni ile, zulia likiwa bado na chai. Mama Nukta akamsikiliza hadi mwisho, mikono kifuani.

"Saa tano nzima nahangaika na uchungu peke yangu," alisema, "kumbe mwenzangu yuko ofisini anahamisha vijiji."

Wakacheka, kisha kicheko kikafa chenyewe. Mzee Wembe alikuwa akiutazama mkono wake wa kulia juu ya goti kana kwamba ni mgeni aliyeingia bila kubisha hodi. Tone moja, asubuhi moja, limetoka mezani kwake, likapelekwa na wahandisi ng'ambo pamoja na mipango ya mabwawa ambayo haikujengwa, likalala miaka arobaini na mbili katika maktaba ya watu, likaamka limekuwa mababu. Hakujua acheke au aombe msamaha, na hakujua angemwomba nani.

Wiki iliyofuata mambo yakapanda moto. Waziri wa nchi nyingine, isiyoelewana na ile ya kwanza, akajibu kwamba hapana mpaka wowote pale, na mwenye kuuona apimwe macho. Kiongozi wa chama katika nchi ya tatu akasema mpaka upo, ila kijiji kilicho ndani ya mpindo kipige kura yake peke yake. Magazeti yakaichapa ramani, nyingine kubwa kama mlango, na kila iliyochapwa ilikuwa bila ufunguo. Wataalamu wakaeleza mpindo: mmoja alisema ni wa ukoo, mwingine ni wa vita vya zamani. Mzee Wembe aliyasoma yote kwa kioo cha kukuzia. Kilichomsumbua ni kwamba hakuweza kuwacheka. Watu watatu wenye sauti kubwa wanaisemea nchi ambayo hawajaikanyaga. Na yeye alikuwa nani? Aliichora bila kuikanyaga.

Wa kwanza kubisha hodi alikuwa shemeji yake, kaka wa Mama Nukta, mwalimu mstaafu wa mkoa wa juu ambaye tangu ujana anaitwa Spika kwa sababu ya sauti yake. Akinong'ona, jirani hujibu. Huyu alikuwa katika harakati za kujitenga, si kwa kelele tu. Alikuwa na daftari la ahadi: hospitali iliyoahidiwa miaka ishirini, barabara iliyofunguliwa mara tatu na mawaziri watatu, maji yanayotoka kwao kwenda kuwanywesha wengine huku shule yake mwenyewe ikichota mtoni kwa ndoo. Mama Nukta alikuwa amekwisha kumweleza habari ya tone kwa simu.

"Shemeji, sikuombi useme uongo," alisema Spika, akijitahidi kushusha sauti. "Nakuomba unyamaze. Tumepiga kelele miaka thelathini hakuna aliyegeuka. Leo mama wa watu ameinua karatasi yako na dunia imegeuka. Uache mstari utusemee."

Wa pili alikuja siku ya pili yake: ofisa wa wizara, kijana mpole, shati limenyooshwa hadi linakata, faili kwapani. Alikuwa amepata jina la Mzee Wembe katika kumbukumbu za Idara. Yeye alitaka saini. Karatasi yake ilisema kuwa ramani ile ilikuwa na makosa makubwa, haikuwa na thamani yoyote, na mchoraji anaikana. Mzee Wembe akaisoma mara mbili, akamrudishia. Alisema kwamba mistari mingine yote katika ramani ile ni sahihi hadi unene wa unywele, na hawezi kuukana mgongo mzima wa vilima kwa ajili ya milimita nne. Ofisa akasema atarudi. Hakurudi, lakini kwa siku kadhaa gari moja lilikuwa likiegeshwa mbele ya duka la pembeni, na Mama Nukta akawa anafunga pazia mapema.

Uamuzi ulitoka kwa Nukta mwenyewe. Yeye ni dereva wa gari la wagonjwa, mwanamke mwenye maneno machache na macho ya kupima kona. Alikuja siku yake ya mapumziko, akasikiliza hadithi ya kuzaliwa kwake, ambayo hakuwahi kuambiwa. Kisha akauliza, "Hicho kijiji ndani ya mpindo, kuna watu?" Baba yake akasema kwenye daftari la mpima kulikuwa na mapaa kumi na moja. "Wameulizwa?" Nukta akachukua ufunguo wa gari la mumewe na kusema wataondoka asubuhi.

Safari ilichukua saa sita. Kwa saa nne za mwanzo Mzee Wembe alizungumza bila kukoma, akimtajia bintiye kila daraja kabla halijatokea, kila kona, kila kijito. "Hapa tutapanda mita sitini," alisema, na gari likapanda. Kadiri walivyozidi kupanda ndivyo maneno yalivyompungua. Alikuwa amevichora vilima hivi kwa mistari myembamba ya kahawia, mmoja juu ya mwingine, na alidhani anavijua. Sasa vilisimama, vikamwinamia dirishani, na vilikuwa na upepo, na harufu, na kimo ambacho hakuna daftari lililokitaja. Nukta alimtazama kwa pembe ya jicho, akaona mzee amevua kofia.

Juu kabisa ya mgongo palikuwa na nyumba ndefu ya kukaushia vigae, maana kijiji kile ni cha wafinyanzi wa vigae. Mapaa kumi na moja yalikuwa sasa ishirini na tisa. Hawajashuka vizuri, mvua ikaanza. Mvua nyepesi ya alasiri. Watu wakawaita waingie chini ya paa refu. Nukta akakimbia. Mzee Wembe akabaki barabarani.

Alikuwa ameona kitu. Barabara pale ilikuwa na mwamba uliochomoza kama mgongo wa ng'ombe, na maji ya mvua yalikuwa yakiufikia mwamba ule na kuachana. Si mto, si kijito; ni utando tu wa maji, upana wa kiganja. Nusu ilikwenda kushoto, polepole, ikitafuta njia kati ya kokoto, kuelekea mto mkubwa, nchi ya chini, na bahari zaidi ya hapo. Nusu ikaenda kulia, kuelekea ziwani. Akachuchumaa. Magoti yalimlalamikia, hakuyasikiliza. Tone likaanguka mbele yake juu ya jiwe, likatulia kidogo kana kwamba linafikiri, kisha likapasuka, likaenda kote kuwili. Miaka arobaini na mbili aliliita jambo hili kistari, nukta, kistari. Shati lilikuwa limemshika mgongoni, maji yakimtiririka ndani ya masikio, na yeye akalitazama tone jingine, na jingine, hadi Nukta akatoka na kumshika mkono kama anavyowashika wagonjwa wake.

"Baba, utaugua."

"Ni kweli," alisema mzee, na hakuwa anajibu habari ya kuugua. "Ilikuwa kweli yote. Walipima vizuri wale vijana."

Chini ya paa walikuwa wamekusanyika watu kama arobaini, mikono yao mikavu kwa udongo. Mkubwa wao alikuwa bibi mmoja mrefu, sauti nzito, aliyeitwa na wote Mama Vigae. Alieleza hali ilivyo. Tangu yule mama wa ng'ambo aseme maneno yake, wamekuwa watu maarufu bila kuomba. Upande mmoja wamekuja wakapaka mawe ya barabarani rangi ya harakati, na upande wa pili wakaja wakayapaka chokaa. Mawe sasa yana makoti manne ya rangi. Gari la chanjo lilikaa wiki mbili bila kufika kwa kuwa ofisi mbili zilikuwa zikibishana ni la nani kulileta. Na vijana wao wawili, ndugu wa baba mmoja, hawasemeshani.

Mzee Wembe akasimama. Alikuwa amejiandaa kwa hotuba ndefu yenye vipimo, lakini mbele ya watu wale vipimo vilimtoka kichwani. Akawaeleza kama ilivyokuwa: chumba, meza, tarishi, kalamu. Aliwaambia kwamba kwa maji, kijiji chao kiko upande wa chini, kwa mita mia nne, na kwamba yeye ndiye aliyewavusha, kwa wino, ili asiharibu kazi ya miezi miwili. Aliwaambia pia kwamba mstari ule haukuwa mpaka wa mtu yeyote, wala haukusema kama watu wa huku wajitenge au wasijitenge. Ulisema mvua inakwenda wapi, basi. Akaomba radhi.

Mvua ilikuwa ikipiga vigae juu yao. Mama Vigae akageuka, akamtazama Nukta toka kichwani hadi viatuni.

"Kwa hiyo wewe ndiye uliyetuhamisha."

"Nisamehe, mama," Nukta alisema. "Nilikuwa na dakika tano tu duniani."

Kicheko kilianzia nyuma kabisa, kwa wanawake waliokuwa karibu na tanuru, kikasambaa hadi kwa wale ndugu wawili waliokuwa wamesimama pande mbili za paa. Hawakusemeshana siku hiyo. Ila walicheka jambo moja, na Mama Vigae aliwaona.

Waliporudi mjini Mzee Wembe akaandika barua kwa yule mbunge. Aliiandika kwa mwandiko wake wa ramani, herufi zimesimama kama askari, kurasa mbili, kisha Nukta akaipiga picha na kuituma kwenye anuani ya bunge lile. Hakuna aliyetegemea jibu. Wiki ya tatu likaja, na Nukta akalisoma kwa sauti, akilitafsiri taratibu. Yule mama alisema kwamba aliiinua ile karatasi mbele ya watu mia tatu bila kuifunua pembe iliyokunjwa, na anamshukuru kwa kumwambia kilichokuwa chini ya mkunjo. Bado anaamini watu wa mkoa wa juu wana haki ya kusikilizwa, na ataendelea kusema hivyo. Lakini hatasema tena kwamba mstari ule umezungumza kwa niaba yao. Na mwisho aliuliza hali ya mtoto.

Mzee akaomba sentensi ya mwisho isomwe tena.

Mbunge yule alitimiza neno lake; alisimama akajisahihisha kwa dakika mbili hivi. Televisheni za nyumbani hazikuonyesha. Nukta ndiye aliyeitafuta video na kuipata: wabunge wakicheka mwanzoni, wakinong'onezana, kisha alipofika kwenye habari ya mtoto aliyezaliwa, ukumbi ule mkubwa wa mbao ukatulia kabisa. Mzee Wembe aliiangalia mara moja tu. Alisema haamini kwamba watu wazima wote wale, waliovaa vizuri namna ile, wamenyamaza kwa ajili ya asubuhi ya mkewe.

Lakini neno likishatoka ni mshale. Yule waziri wa nchi ya pili akaidaka habari hiyohiyo na kutangaza kwamba sasa imethibitika: madai yote ya mkoa wa juu ni tone la wino. Hiyo televisheni ziliionyesha, mara nne. Shemeji Spika akapiga simu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake sauti yake ilikuwa ndogo. Alisema, "Hospitali yetu nayo ni tone la wino, shemeji?" kisha akakata. Miezi minne hakupiga tena, na Mama Nukta akawa mtu wa kati, akiongea na kaka yake kwa simu jikoni na mumewe sebuleni. Mzee Wembe aliandika barua ya pili, safari hii kwa waziri, kueleza kwamba mtu kukosea kuchora mto si ushahidi kwamba wenye kiu hawana kiu. Waziri hakujibu.

Jambo lililomtoa katika huzuni hiyo lilikuwa simu kutoka mgongoni mwa vilima. Mama Vigae alisema kwamba kijiji kimekaa kikao. Wamechoka kuonekana kwenye ramani za watu kama mpindo. Wanataka ramani yao, yenye nyumba zao, tanuru lao na njia zao, waibandike chini ya paa refu, ili atakayekuja kuwasemea, awe wa juu, wa chini au wa ng'ambo, kwanza asimame mbele yake. "Na safari hii," aliongeza, "uje kwa miguu."

Alikwenda na meza ndogo ya kukunja, kalamu zake za zamani na utepe wa kupimia. Utepe unahitaji watu wawili. Asubuhi ya kwanza alikuwa akihangaika kuufunga kwenye mti, ndipo akaona mtu anapanda barabara kwa mkongojo, suti ya ualimu, kofia. Alikuwa shemeji yake. Shule yake ya zamani iko bonde la pili tu kutoka pale. Hawakukumbatiana wala hawakuulizana hali. Spika akaiokota ncha ya utepe.

"Tutajitenga au hatutajitenga, sijui," alisema. "Lakini nimefikiri, na sitaki tujitenge kwa bahati mbaya." Akaenda hadi ukuta wa nyumba ya kwanza, akaisoma namba kwa sauti yake ileile, na watu wa nyumba ya kumi wakatoka nje kuuliza kuna nini.

Walipima siku tatu. Mzee Wembe hakujua kwamba nchi ina vitu vingi hivyo. Kila alipodhani amemaliza upande mmoja, mtu alimvuta mkono: umesahau kisima, umesahau ngazi za mawe, umesahau mahali tunapokaa jioni kuzungumza. Katika daftari la mpima vyote hivyo vilikuwa nafasi tupu nyeupe, na yeye alizichora nyeupe.

Siku ya tatu Mama Vigae akampitisha kwenye kijia kilichofichwa na nyasi, wanawake kadhaa nyuma yao. Kilishuka kwa muda wa nusu saa, kikapenya kati ya mawe mawili, halafu ardhi ikafunguka. Lilikuwa shimo la udongo, jekundu, refu kwenda chini kuliko jengo la Idara alilofanyia kazi, na kuta zake zote, toka juu hadi chini, zilikuwa na alama za vidole na majembe, safu juu ya safu, za watu waliochimba hapo kabla ya mtu yeyote kushika kalamu. Huko chini kabisa, wadogo kama punje, wachimbaji wawili walikuwa wakiimba, na sauti ilipanda taratibu. Spika, aliyekuwa akija nyuma na utepe, alifika, akatazama, akauweka utepe chini.

Mzee Wembe akafungua daftari lake. Akashika kalamu, akagundua kwamba hana alama ya kitu kama hiki, na kwamba hajapumua kwa muda. Akawauliza wanawake mahali pale panaitwaje. Wakaanza kumweleza wote kwa pamoja, kila mmoja na jina lake na sababu yake, naye akakaa chini juu ya nyasi, akaandika.